Kujenga na kusakinisha libsodium kwenye Linux, macOS na Windows

libsodium ni maktaba ya usimbaji fiche iliyoandikwa kwa lugha ya C. Ilichipuka kutoka maktaba ya NaCl, kazi ya Daniel J. Bernstein, Tanja Lange na Peter Schwabe. NaCl ni alama ya chumvi ya mezani, kwa hiyo aliyesoma kemia atauona utani wa jina. Haitegemei maktaba nyingine yoyote, kifurushi cha msimbo wake ni takriban megabaiti 2, na kompyuta ya kawaida huijenga kwa dakika chache. Hapa tunatumia toleo 1.0.20.

Kabla ya amri yoyote, elewa kwamba maktaba hutafutwa mara tatu, na kila mara kuna mtafutaji mwingine. Kompaila, inayotafsiri msimbo wako, hutafuta heda, yaani `sodium.h`. Linka, inayounganisha programu na maktaba, hutafuta faili la maktaba lenyewe. Halafu programu inapoanza, mfumo endeshi huitafuta maktaba upya, bila kujali linka iliikuta wapi. Karibu kila kosa la usakinishaji ni mmoja wa hao watatu kukosa anachotafuta, na ujumbe wa kosa hukuonyesha ni yupi.

Hatua ya 1: Jiulize kama unahitaji kuijenga

Mara nyingi huhitaji. Amri moja inatosha:

```
sudo apt install libsodium-dev        # Debian, Ubuntu
sudo dnf install libsodium-devel      # Fedora
brew install libsodium                # macOS
vcpkg install libsodium:x64-windows   # Windows
```

Kwenye Debian na Fedora usisahau `-dev` au `-devel`. Bila hicho kiambishi unapata maktaba ya kuendeshea programu tu, heda hazimo, na kompaila italalamika `sodium.h: No such file or directory` ingawa umeshasakinisha.

Sababu nzuri ya kujenga mwenyewe ni toleo. Debian 12 na Ubuntu 24.04 zina 1.0.18. Sababu nyingine ni kwamba huna ruhusa ya `sudo` kwenye seva unayotumia.

Hatua ya 2: Andika programu ya majaribio kwanza

Iandike sasa, kabla ya kujenga, ili uwe na kipimo kimoja kwa mifumo yote mitatu. Iite `jaribu.c`:

```c
#include <sodium.h>
#include <stdio.h>

int main(void)
{
    unsigned char baiti[16];
    char hex[33];

    if (sodium_init() < 0) {
        fputs("libsodium imeshindwa kuanza\n", stderr);
        return 1;
    }
    randombytes_buf(baiti, sizeof baiti);
    sodium_bin2hex(hex, sizeof hex, baiti, sizeof baiti);
    printf("heda %s, maktaba %s\n%s\n",
           SODIUM_VERSION_STRING, sodium_version_string(), hex);
    return 0;
}
```

Baiti 16 zinahitaji herufi 32 za heksadesimali na moja ya kufungia, ndiyo maana ya 33. Ukiweka 32, libsodium haitakuvumilia: itaisimamisha programu papo hapo.

Mstari wa `printf` ndio wenye faida. Toleo la kwanza linatoka kwenye heda aliyoisoma kompaila. La pili linatoka kwenye maktaba iliyopakiwa wakati programu inaendeshwa. Yakitofautiana, una libsodium mbili kwenye kompyuta moja na zimechanganyika.

Hatua ya 3: Linux

Sakinisha vifaa vya kujengea (`sudo apt install build-essential pkg-config`), kisha:

```
wget https://download.libsodium.org/libsodium/releases/libsodium-1.0.20.tar.gz
tar xzf libsodium-1.0.20.tar.gz
cd libsodium-1.0.20
./configure
make -j4
make check
sudo make install
sudo ldconfig
```

Pakua pia faili la saini lenye jina hilohilo likiishia na `.minisig`, ulihakiki kwa programu ya `minisign` na ufunguo wa umma uliomo kwenye nyaraka za mradi. Kwa maktaba ya kulinda siri za watu, hili si la kurukwa.

`make check` nayo usiiruke. Huendesha majaribio ya mradi wenyewe, na hapo ndipo kompaila yenye hitilafu hujulikana mapema badala ya kukuharibia kazi baadaye.

Ujenzi hukwama kwa sababu tatu ambazo hazina uhusiano wowote na libsodium. Ya kwanza ni nafasi kwenye jina la folda: ukifungulia kifurushi ndani ya `Kazi Zangu` `./configure` itakuonya kwamba `Libtool does not cope well with whitespace`, na huenda hatua zinazofuata zikaharibika. Tumia `kazi_zangu`. Ya pili ni saa ya kompyuta iliyorudi nyuma, jambo la kawaida kwa mashine ambayo betri ya saa imekufa. Ujumbe ni `newly created file is older than distributed files`. Rekebisha tarehe, uanze tena. Ya tatu ni kujengea kwenye flashi: flashi nyingi zina mfumo wa FAT, ambao haushiki viungo vya ishara (symlink) vinavyohitajika kwa faili za `.so`, na baadhi ya mashine huzuia faili kuendeshwa kutoka humo, ukapata `Permission denied`. Hamishia kazi kwenye diski ya ndani.

Sasa jaribu:

```
gcc jaribu.c -o jaribu $(pkg-config --cflags --libs libsodium)
./jaribu
```

Ukiandika amri kwa mkono, `-lsodium` ije baada ya `jaribu.c`. Linka husoma kutoka kushoto kwenda kulia. Ikikutana na maktaba kabla ya faili linaloihitaji, kwenye Ubuntu huiacha, kisha inakulalamikia `undefined reference to 'sodium_init'`.

Kosa linalowasumbua wengi zaidi ni hili:

```
error while loading shared libraries: libsodium.so.26:
cannot open shared object file: No such file or directory
```

Angalia ulipofika: kompaila imepita, linka imepita. Aliyekwama ni mtafutaji wa tatu, kwa hiyo kujenga upya hakutasaidia kitu. Ama hukuendesha `ldconfig`, ama `/usr/local/lib` haimo kwenye orodha yake. Kwenye Debian na Ubuntu imo. Kwenye Fedora haimo, lazima uiongeze:

```
echo /usr/local/lib | sudo tee /etc/ld.so.conf.d/local.conf
sudo ldconfig
```

Fedora hiyohiyo, `pkg-config` nayo haitazami `/usr/local`. Iambie: `export PKG_CONFIG_PATH=/usr/local/lib/pkgconfig`.

Kuthibitisha programu imechukua maktaba ipi, tumia `ldd ./jaribu`. Ukiona `libsodium.so.23`, hiyo ni ya 1.0.18 iliyotoka kwenye vifurushi vya mfumo. `.so.26` ndiyo uliyoijenga.

Asiye na `sudo` asakinishe kwenye folda yake ya nyumbani:

```
./configure --prefix=$HOME/sodium
make -j4 && make check && make install
gcc jaribu.c -o jaribu -I$HOME/sodium/include \
    -L$HOME/sodium/lib -lsodium -Wl,-rpath,$HOME/sodium/lib
```

`-I` ni ya kompaila, `-L` ni ya linka, na `-rpath` huandika ndani ya programu yenyewe mahali pa kuitafuta maktaba inapoanza. Wengi huiacha hiyo ya mwisho na kutegemea kigezo cha mazingira `LD_LIBRARY_PATH`, ambacho hufanya kazi hadi siku programu inapoanzishwa na `cron`, kiratibu cha kazi za saa maalumu, kisichokijua.

Folda ya msimbo usiifute. Bila hiyo `sudo make uninstall` haipo.

Hatua ya 4: macOS

Endesha `xcode-select --install` ili upate `clang` na `make`, kisha fuata amri za Linux, ukitumia `curl -O` badala ya `wget` na kuacha `ldconfig`, kwani haipo. `pkg-config` nayo haiji na `xcode-select`; kama huna, weka `-I/usr/local/include -L/usr/local/lib -lsodium` mahali pake. Njia kamili ya maktaba huandikwa ndani ya faili la `.dylib` lenyewe, kwa hiyo mtafutaji wa tatu hasumbui sana huku. Badala ya `ldd`, tumia `otool -L ./jaribu`.

Tatizo la kwao ni aina ya prosesa. Homebrew, yenye ile amri ya `brew`, hukaa `/opt/homebrew` kwenye Mac za Apple Silicon, na `/usr/local` kwenye zile za Intel. Aliyehamisha data kutoka Mac ya zamani anaweza kuwa nazo zote mbili, na linka ikikutana na ile ya Intel kwanza humwambia `symbol(s) not found for architecture arm64`. `lipo -info` pamoja na njia ya faili la `.dylib` itakuonyesha limejengwa kwa prosesa gani.

Hatua ya 5: Windows

Ukisakinisha Visual Studio 2022, chagua kifungu cha `Desktop development with C++`. Ni gigabaiti kadhaa, kwa hiyo pima bando lako kwanza. Pakua na ufungue kifurushi kilekile cha Hatua ya 3, kisha fungua `x64 Native Tools Command Prompt for VS 2022`. Jina hilo lizingatie: dirisha linaloitwa `Developer Command Prompt` hujenga kwa biti 32 usipolielekeza vingine, na utaishia na onyo la `LNK4272` kwamba maktaba ni x64 na lengo ni x86.

```
cd libsodium-1.0.20\builds\msvc\vs2022
msbuild /m /p:Configuration=DynRelease /p:Platform=x64 libsodium.sln
```

Matokeo huwa kwenye `bin\x64\Release\v143\dynamic` ndani ya folda kuu ya msimbo: `libsodium.lib` ya kumpa linka, na `libsodium.dll` ya kuendeshea programu. Heda zimo `src\libsodium\include`. Zikusanye zote tatu kwenye `C:\sodium`, heda zikiwa kwenye `include` na zile mbili kwenye `lib`, halafu:

```
cl /MD jaribu.c /I C:\sodium\include /link /LIBPATH:C:\sodium\lib libsodium.lib
copy C:\sodium\lib\libsodium.dll .
jaribu.exe
```

Hiyo `copy` ndiyo jibu la mtafutaji wa tatu: Windows huangalia kwanza folda yenye `.exe`. Usiitupe DLL ndani ya `System32`. Programu nyingine inayohitaji toleo tofauti inaweza kuikuta huko na kuanguka. DLL isipopatikana, msimbo wa kosa ni `0xc0000135`. Ukiona `0xc000007b`, DLL imepatikana ila ni ya biti 32 na programu ni ya biti 64, au kinyume chake.

Ukitaka libsodium imezwe ndani ya `.exe` moja, jenga kwa `StaticRelease` na uongeze `/DSODIUM_STATIC` kwenye amri ya `cl`. Ukiisahau, heda zitadhani bado kuna DLL na linka itatafuta `__imp_sodium_init`, jina ambalo halimo kwenye maktaba tuli, utaona `LNK2019`. Ikija `LNK2038` inayotaja `RuntimeLibrary`, programu yako na maktaba hazikubaliani kati ya `/MT` na `/MD`. Ujumbe wenyewe hutaja kila upande umetumia ipi, nawe badilisha upande wako.

Wanaotumia MSYS2, yaani zana za mtindo wa Linux ndani ya Windows, wana njia fupi kuliko zote: kwenye dirisha la UCRT64, `pacman -S mingw-w64-ucrt-x86_64-libsodium`. Usichanganye faili zake na za Visual Studio katika mradi mmoja.