Usimfinye mtoto akiuliza

Mwanangu alikuwa na miaka mitano. Tumebanana kwenye daladala ya Uyole, akapaza sauti: "Mama, mbona kaka huyu ana ngozi nyeupe?" Nikamfinya paja. Akanyamaza. Kijana mwenyewe, mwenye ualbino, akasema, "Mama, mwache aulize."

Siku hizi najibu palepale, kwa sauti ileile ninayoulizia bei ya parachichi: "Ngozi yake haina rangi ya kutosha kumkinga na jua. Kazaliwa hivyo, karithi kwa baba na kwa mama." Wote wawili, nasisitiza, maana wapo wanaume wanaodhani mke katoka nje.

Usiishie kwenye ngozi. Darasani kwao yupo binti mwenye ualbino anayekaa dawati la mbele, na mwanangu akalalamika kwamba anapendelewa. Nikamweleza kuwa ualbino unagusa na macho. Akikaa nyuma ubao hauoni vizuri. Kofia pana anavaa hata Juni kwa sababu baridi ya Mbeya haizuii jua kuunguza. Wiki ile watoto wakahamishia rede kwenye kivuli cha mkaratusi. Eti kule mpira haupotei.

Maneno nayo yachunge. "Zeruzeru" kwangu halitamkwi. "Kiziwi" tunasema, viziwi wenyewe wameliweka kwenye jina lao: Chama cha Viziwi Tanzania. "Bubu" ndilo silitaki, maana fundi cherehani wetu wa Mwanjelwa ni kiziwi na ni mwongeaji kweli, kwa mikono. Nilimwomba amfundishe mwanangu alama tatu: habari, asante, shati. Mfundishe mwanao pia namna ya kumwita kiziwi: asimame anapoonekana, au amguse bega taratibu. Mimi miaka yote nilikuwa namrushia kipande cha kitambaa!

Kwa asiyeona, aulize kwanza kama anahitaji msaada. Akikubali, ampe mkono ashike yeye; asimvute. Mwalimu mmoja alinishauri nimfunge mtoto kitambaa machoni ajionee. Sikupenda. Atajua giza tu, mtu hatamjua.

Kugumu ni kwenye sadaka, kwa sababu mtoto anatuiga sisi. Juzi alichomoka mkononi mwangu akampa shilingi mia mbili mzee aliyeketi kwenye baiskeli ya magurudumu matatu, kisha akageuka aondoke. Mzee akamwita, akafunua boksi lake: "We kijana, hujaniambia unataka pipi gani."

Alichukua mbili za tangawizi.