Boti inakosa nguvu? Cheki hewa kwanza

Wenye boti za spidi, kabla hujamwaga hela kwenye injini weka kipimajoto karibu na ea klina (chujio la hewa ya injini), kimbiza boti kama kawaida yako afu linganisha na joto la nje, ukikuta ndani ya chumba cha injini kumezidi nje kwa digrii 20 hivi ujue injini inavuta hewa ya moto na hewa ya moto ni nyepesi, nguvu lazima ishuke (mi nilihangaika na kabureta wee, kumbe). Ongeza matundu ya kuingiza hewa yanayotazama mbele, ya kutolea joto yawe nyuma. Feni ya kunyonya mvuke wa petroli usiiguse, mdomo wa paipu yake ubaki chini kabisa ila usifike kwenye maji yanayotuama humo ndani. Na kufunga feni ya gari kwenye chumba cha injini usithubutu, cheche moja tu umelipuka.