Kabla ya kubeba mimba ukiwa na baridi yabisi

Anza na dawa, na uanze mapema. Kama pakiti yako imeandikwa methotrexate, usingoje hedhi ikose ndipo umwambie daktari. Dawa hiyo hudhuru mimba, na kwa kawaida huachwa mwezi mmoja hadi mitatu kabla ya kuanza kutafuta mtoto. Leflunomide, dawa nyingine ya ugonjwa huu, hung'ang'ania mwilini zaidi. Yapo matibabu ya kuiondoa. Ila nakusihi, usiziache kimyakimya. Hydroxychloroquine na sulfasalazine hutumika hata katika ujauzito, basi daktari akuhamishie huko, kisha mngoje miezi kadhaa muone ugonjwa umetulia. Diclofenac na ibuprofen, dawa za maumivu za duka la dawa, nazo mtajie daktari: kuanzia wiki ya 20 ya mimba si za kujinunulia.

Miezi hiyo ya kungoja, weka daftari. Kila asubuhi andika ilichukua dakika ngapi vidole kulegea hadi ukaweza kufunga kanga, na utie alama siku za hedhi. Wapo wanaozidiwa na maumivu karibu na siku zao, homoni zinaposhuka, na daktari hawezi kulijua hilo kwa kukuona mara moja.

Mimba ikishaingia, homoni za estrojeni, projesteroni na kotisoli hupanda, kinga ya mwili, ambayo ndiyo hushambulia viungo katika ugonjwa huu, hubadilika, na wanawake wengi hupata nafuu. Mwaka 1938 daktari Philip Hench wa Mayo Clinic, Marekani, aliandika juu ya nafuu hiyo. Kuifuatilia kulichangia kupatikana kwa kotisoni, dawa ya kutuliza uvimbe, iliyompa yeye na wenzake wawili Tuzo ya Nobel mwaka 1950. Usipoipata nafuu hiyo, hujakosea chochote. Si kila mwili huitikia hivyo.

Ninalolihofia zaidi ni baada ya kujifungua. Homoni zile hushuka ghafla, na ugonjwa mara nyingi huamka ndani ya miezi michache ya mwanzo. Kwetu mama mzazi hulelewa siku 40. Arobaini ikitoka, mama au shangazi anafunga mzigo wake, na huenda viganja vikaanza kuvimba hapo hapo, mtoto naye kila wiki anazidi kuwa mzito. Kwa hiyo omba mtu wa mwezi wa pili hadi wa nne, hata kama ni wa asubuhi tu. Nunua nguo za mtoto zenye zipu, maana vile vifungo vidogo vitakutoa machozi. Na kabla hujaenda kujifungua, kubaliana na daktari dawa gani utatumia ukinyonyesha, na uwe na tarehe ya kliniki ya viungo mkononi.