Kufunga pawa stelingi kwenye gari la zamani kwa vipuri vilivyotumika

Mafanikio ya kazi hii huamuliwa kwenye gari linalovunjwa, kabla hujashika spana kwenye gari lako. Tafuta gari la modeli yako, lenye injini kama yako, ambalo lilitoka kiwandani na pawa (mfumo unaoufanya usukani uwe mwepesi), kisha chukua seti nzima kutoka hapo. Ukiokota reki (mwamba wenye meno, ndani ya gamba lake, unaosukuma matairi kushoto na kulia) huku na pampu kule, utakutana na braketi zisizokaa, puli zilizopishana na nati za mabomba zisizoingiliana nyuzi. Maelezo haya ni ya mfumo wa haidroliki unaoendeshwa na mkanda, kwa gari linalotumia reki na pinioni (gia ndogo inayozungushwa na usukani na kuisukuma reki).

Hatua ya 1: Kung'oa

Chukua reki na tairodi zake (vyuma vinavyoiunganisha na matairi), pampu pamoja na braketi na boliti zote, puli ya kranki (ile ya gari lenye pawa mara nyingi ina mfereji wa ziada), tanki la mafuta, hozi ya presha na ya kurudishia, na bomba la kupoozea kama lipo. Usiache kipande cha shafti kinachounganisha usukani na pinioni, maana urefu wake au idadi ya meno yake inaweza kutofautiana na ya kwako. Kama reki ya pawa imefungwa kwenye krosimemba (boriti ya chuma inayokatiza chini ya injini) ya aina nyingine, ing'oe nayo pia. Usijitengenezee vishikizo vya reki: ikikaa juu au chini kwa milimita chache tu, matairi yatageuka yenyewe kushoto au kulia kila gari linapopita kwenye tuta.

Ziba matundu yote ya mafuta papo hapo. Mchanga ukiingia kwenye vali ya reki, hautoki kirahisi.

Hatua ya 2: Kukagua reki kabla ya kulipa

Hapa usiwe na haraka. Legeza klipu za buti (mipira inayofunika ncha za reki) za pembeni, uzivute nyuma. Grisi kidogo ni sawa, lakini buti ikimwaga mafuta, sili ya ndani imekwisha. Futa ule mwamba wa reki ulio ndani ya buti na uupitishie kucha. Kutu iliyochimba vishimo itaikata hata sili mpya.

Kisha zungusha pinioni kwa mkono toka mwisho hadi mwisho. Reki iliyochoka hucheza katikati, kwa sababu ndipo meno hufanya kazi gari linapokwenda moja kwa moja, na hukaza ikifika pembeni. Atakayekuambia "kaza tu ile nati ya kurekebishia" anakuuzia tatizo: ukikaza mpaka katikati pasicheze, pembeni patabana na usukani hautarudi wenyewe baada ya kona. Iache hiyo, tafuta nyingine.

Pampu ni rahisi zaidi. Tikisa puli kusikia kama beringi inacheza, halafu angalia mafuta yaliyobaki. Yakinuka kuungua au yakimeta chembe za chuma, usiichukue.

Hatua ya 3: Vitu vya kununua vipya

Nunua oringi, washa za shaba, mkanda, splitipini na lita 2 za mafuta ya aina inayotakiwa na pampu hiyo. Pampu nyingi za zamani hutumia ATF (mafuta ya giaboksi ya otomatiki) ya Dexron. Hozi ya presha iliyokakamaa au yenye nyufa ibadilishwe. Mfumo huu hupandisha presha hadi bar 70 na zaidi usukani unapofika mwisho, kwa hiyo hozi hiyo lazima iwe imebanwa kwa mashine. Klipu ya kukaza kwa bisibisi itachomoka, na mafuta yakirukia ekzosi yanaweza kuwaka moto. Klipu ni za hozi ya kurudishia tu.

Hatua ya 4: Kufunga

Nyoosha matairi, funga usukani usizunguke, kisha toa reki ya zamani. Tafuta katikati ya reki mpya: hesabu mizunguko ya pinioni toka mwisho hadi mwisho, kisha rudi nusu yake. Ikiwa ni 3.2, rudi 1.6. Ndipo uunganishe shafti.

Boliti ya kubania shafti hupita kwenye mkato ulio kwenye pinioni. Ikigoma kupita, shafti haijaingia vya kutosha. Usiigonge kwa nyundo. Shafti ikiwa fupi, tafuta iliyo sahihi. Kuichomelea ni kuhatarisha maisha.

Weka rula ndefu ya chuma kwenye puli zote kuhakikisha ziko mstari mmoja. Mkanda ukiubonyeza katikati kwa kidole gumba uingie takriban milimita 10.

Hatua ya 5: Kutoa hewa

Inua matairi ya mbele, weka stendi, jaza tanki. Injini ikiwa imezimwa, zungusha usukani taratibu mwisho hadi mwisho mara 20 hivi huku msaidizi akiongeza mafuta. Ukiwasha injini mapema, pampu itayapiga mafuta na hewa pamoja mpaka yawe povu jeupe. Hilo likitokea, zima na usubiri saa nzima povu lipande, kisha anza tena.

Mapovu yakiisha, washa injini bila kushika usukani. Ukijizungusha wenyewe upande mmoja, vali ya reki ni mbovu na gari lisitoke hapo. Ukitulia, zungusha tena, lakini usiukazie mwishoni zaidi ya sekunde 5, kwani mafuta huchemka na pampu huumia.

Hatua ya 6: Kumalizia

Mlio mkali ukikata kona ni mkanda kulegea. Mngurumo ni hewa au upungufu wa mafuta. Injini ikitaka kuzimika usukani ukifika mwisho, unganisha swichi ya presha iliyo kwenye pampu au pandisha kidogo mzunguko wa injini (sailensa) kwenye kabureta. Peleka gari likapimwe alaimenti (mnyooko wa matairi) kabla ya kwenda mbali. Baada ya kilomita 100 kagua tena kiwango cha mafuta, mkanda na boliti za reki.