Mita, Tochi na Akiba ya Lenzi

Lenzi yangu ya milimita 50 niliinunua kwa shilingi 190,000. Kati ya hizo, 159,000 zilitoka kwenye pasi, jagi la umeme, redio na blenda nilivyovitengeneza mwenyewe juu ya meza ya jikoni hapa Uyole, Mbeya. Kila kimoja kilipopona, niliweka kwenye kopo ile bei ambayo ningelipa sokoni Mwanjelwa kununua kipya, nikitoa gharama ya kipuri. Mimi napiga picha za sherehe: harusi, send-off, kipaimara, mahafali. Hela inakuja kwa msimu. Ikifika Kwaresima harusi zinasimama, na ukinunua pasi mpya mwezi huo, lenzi umeiaga. Nawaandikia wenzangu wenye hali kama yangu, hasa vijana wanaoniuliza nilianzaje na kamera za mtumba bila mkopo.

Vifaa vyenyewe si vingi. Mita ya namba ya kupimia umeme, ya bei ndogo, bisibisi ya nyota na ya bapa, msasa laini, tepu nyeusi ya umeme, na tochi ndogo yenye mwanga mkali. Mita ni ya nyumbani, tochi ni ya kununulia kamera.

Anza na pasi

Pasi ni shule nzuri kwa sababu ndani yake hamna mengi: waya, thamostati inayowasha na kuzima kulingana na joto, fyuzi ya joto, na koili inayotoa joto lenyewe. Ya kwanza niliyoifungua ni ya mama, Tukuyu. Mama anashona, na pasi ikizima kazi yote inalala. Nilimkuta ameshaiweka kwenye mfuko, anamsubiri kijana wa vyuma chakavu.

"Mama, niachie kwanza niipime."

"Imekufa hiyo, mwanangu. Hata taa yake haiwaki."

Chomoa kwanza, iache ipoe, na plagi uiweke mezani mbele ya macho yako asije mtu akaichomeka ukiwa na mikono ndani. Kisha fungua plagi. Plagi zetu za miguu mitatu zina fyuzi ndani, na ya pasi huwa ya ampea 13. Itoe, weka mita kwenye om, kipimo cha ukinzani wa umeme, gusa ncha zake mbili. Ikisoma karibu na sifuri ni nzima. Hapo hapo kagua nyaya: kahawia ni laivu inayoleta umeme, bluu ni nyutro inayourudisha, kijani chenye mstari wa njano ni ethi ya usalama. Skrubu iliyolegea hutoa joto na kuunguza plagi kidogo kidogo, kwa hiyo ukiona plastiki imebabuka, nunua plagi nyingine.

Funga plagi, zungusha kitufe cha joto cha pasi hadi mwisho, kisha gusa mguu wa laivu na wa nyutro kwa mita. Namba ya kutarajia unaipata kwa hesabu. Umeme wetu ni volti 230. Zidisha 230 kwa 230, gawanya kwa wati zilizoandikwa chini ya pasi. Ya wati 1000 itasoma om 53 hivi, ya wati 1200 itasoma 44. Ya mama haikusoma kitu. Nikaanza kuukunja waya taratibu kuanzia kwenye plagi, na nilipofika pale unapoingia kwenye mkono wa pasi, namba ikaanza kucheza: 53, kimya, 53, kimya. Waya ulikuwa umekatikia ndani ya ganda lake, mahali unapopindwa kila siku. Nikakata kipande kile kibovu, nikafunga upya, nikarudisha na ile soksi nyeupe inayovumilia joto. Usiiache soksi hiyo nje ukidhani ni pambo. Bila yake ganda la waya litayeyuka.

Kama waya ni mzima na bado mita iko kimya, ingia ndani. Thamostati ina vidole viwili vya chuma vinavyogusana, na masizi yakijaa kati yake umeme haupiti. Pitisha msasa laini mara mbili tatu, futa vumbi, pima tena. Kama kosa ni fyuzi ya joto, nakuomba unisikilize vizuri. Hicho ni kipuri kidogo kilichofichwa ndani ya soksi nyeupe, na ubavuni kimeandikwa nyuzi joto na ampea. Kazi yake ni kukatika mara moja tu, pale thamostati inaposhindwa kuzima. Kuna mafundi wanaokitoa na kuunganisha waya mtupu mahali pake, pasi inawaka, mteja anaondoka anashukuru. Siku thamostati itakapoganda, pasi hiyo haitakuwa na kitu cha kuizuia, na nguo na meza vitaungua. Nunua fyuzi yenye namba zile zile, na uibane kwa kibanio cha chuma badala ya kuichomelea risasi, kwa sababu joto la kuchomelea linaweza kuikata kabla hujaitumia.

Kipimo cha mwisho ni cha uhai wako. Gusa mguu wa ethi na bamba la pasi kwa mita: isome karibu na sifuri. Kisha gusa mguu wa laivu na bamba, halafu wa nyutro na bamba: isisome kitu kabisa. Ikisoma, koili inavujisha umeme kwenye chuma. Pasi hiyo mpe yule kijana wa vyuma chakavu, usiipiganie.

Ya mama ilipita vipimo vyote. Alipoiona inatoa joto alisema, "Ndaga fijo," yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akarudi kwenye cherehani yake. Gharama ilikuwa plagi mpya, shilingi 3,000. Mpya dukani ilikuwa 35,000. Hapo ndipo kopo lilipoanza, na 32,000.

Jagi, blenda na redio

Jagi la kuchemshia maji linapimwa kama pasi, na mara nyingi tatizo liko kwenye kile kitako: vyuma vinavyogusana vimeshika masizi. Langu halikunigharimu hata senti. Blenda inayotoa cheche na kuzimika hovyo, angalia kaboni zake, vile vipande viwili vyeusi vinavyosugua mota. Zikiisha, zinabadilishwa.

Redio ya mkulima ikizima, fungua mlango wa betri kabla ya jambo lingine. Betri zilizosahaulika humo huvuja na kula springi. Kama zilikuwa za alkalaini, futa uchafu kwa kijiti cha pamba chenye siki kidogo. Kama zilikuwa zile za kawaida za kaboni, uchafu wake una asidi, tumia magadi soda yenye unyevu kidogo. Malizia kwa spiriti, acha ikauke. Sauti ikikwaruza unapoongeza, zungusha kitufe cha sauti mwanzo hadi mwisho mara ishirini au thelathini. Mara nyingi vumbi linajisugua lenyewe na sauti inarudi safi.

Maikrowevu na runinga za zamani zenye mgongo mkubwa sifungui. Zina kapasita na sehemu zinazoweza kuhifadhi umeme mkubwa hata baada ya kuchomolewa. Flashi ya kamera nayo ni hivyo hivyo, ndogo kama ilivyo. Kapasita yake inabeba volti 300 hivi. Kwa hiyo kamera tunaikagua kwa nje na kwa macho, kuifungua tunawaachia waliosomea.

Tochi ndani ya lenzi

Lenzi yangu ya kwanza ya mtumba nilitumiwa kutoka Dar kwa basi. Muuzaji alinitumia picha nzuri, akaniambia, "Iko poa dada, haina hata mkwaruzo." Kweli, kioo cha mbele hakikuwa na mkwaruzo. Wiki iliyofuata nikaenda nayo kwenye harusi Tukuyu. Kila picha iliyopigwa kuelekea dirishani ilitoka na weupe kama maziwa yaliyochanganywa maji, na bibi harusi hakuwa na weusi wowote kwenye nywele. Usiku nikawasha tochi nyuma ya lenzi. Ndani kulikuwa na utando kama wa buibui, mizizi imeanzia pembeni inaelekea katikati. Fangasi.

Fangasi wanaishi kwenye unyevu na giza, na lenzi iliyokaa kabatini miaka miwili ni nyumba yao. Wakikaa sana wanakula rangi ile inayopakwa kwenye vioo kuzuia mng'ao, na hata wakisafishwa alama inabaki. Vioo vingine vimeunganishwa kwa gundi, fangasi wakiingia katikati yake lenzi imekwisha. Gharama ya kuisafisha ile niliyoambiwa ilizidi bei niliyoinunulia.

Kwa hiyo usitoe hela kabla ya kufanya hivi. Toa vifuniko vyote viwili. Washa tochi upande wa nyuma, tazama kwa upande wa mbele, ukiigeuza lenzi pole pole mwanga uingie kwa pembe. Kisha badilisha, tochi mbele, jicho nyuma. Vumbi kidogo halina neno, kila lenzi iliyotumika inalo. Unatafuta nyuzi, mizizi, ukungu mweupe, au kioo chenye mafuta. Usimwelekezee mtu tochi hiyo machoni.

Ifunge kwenye bodi, yaani kamera yenyewe, piga picha kwa apacha (tundu la kupitisha mwanga) ndogo kabisa, f/16 au f/22, na nyingine kwa apacha kubwa. Mwanga wa picha ukipishana sana ilhali kamera ndiyo inayopanga kasi, vibawa vya apacha huenda vimeganda kwa mafuta. Vuta fokasi karibu, kisha mbali, usikilize. Mlio wa kukwaruza ni mchanga. Halafu tazama vichwa vya skrubu, hapa pasi imenifundisha sana. Skrubu ambayo bisibisi imeteleza juu yake ina makovu, na lenzi yenye makovu hayo imeshafunguliwa na mtu. Muulize muuzaji nani aliifungua na kwa nini.

Kama muuzaji yuko mbali, mwombe mpigiane simu ya video, awashe tochi nyuma ya lenzi ukiwa unaona. Asiyetaka kufanya hivyo, mimi simtumii hela. Ndivyo nilivyoipata hii ya milimita 50. Kopo lilikuwa limefika 159,000: pasi 32,000, jagi 28,000, redio 43,000, blenda 56,000. Nikaongeza 31,000 za mahafali.

Bodi

Kwenye bodi, kubali ya zamani. Canon 600D ya mwaka 2011 ina megapikseli 18, na Nikon D3200 ya 2012 ina 24. Zote zinatosha kuchapa picha kubwa ya ukutani. Hela iliyobaki iende kwenye lenzi.

Jambo moja linawakamata wengi wanaonunua Nikon. D3200 haina mota ya fokasi ndani ya bodi, kwa hiyo lenzi za zamani za AF na AF-D zitaingia vizuri lakini fokasi utaizungusha kwa mkono. Lenzi zenye herufi AF-S zina mota yao wenyewe. D7000 ya 2010 ina mota bodini.

Nenda na memori kadi yako na betri yako kama unayo. Elekeza kamera kwenye wingu jeupe, apacha f/22, piga, kisha kuza picha. Madoa meusi yasiyohama ni vumbi kwenye kile kibamba kinachopokea mwanga, na hilo husafishika. Kisha funika lenzi, piga picha ya sekunde 10 gizani, kuza. Nukta chache nyekundu au za bluu si ajabu, nyingi kama nyota za mlima Loleza usiku, achana nayo. Nikon nyingi huandika ndani ya kila picha shata, pazia linalofunguka kila unapopiga, imepiga mara ngapi, unaisoma kwa programu ya simu au kompyuta. Canon nyingi haziandiki kwenye picha, inabidi kuiunganisha na kompyuta kwa waya. Shata ya D7000 ilijaribiwa na Nikon kwa mara 150,000, na nyingine huvuka hapo, ila ikiwa imefika huko bei lazima ishuke.

Halafu kaa nayo. Iwashe kwa dakika ishirini, bonyeza kila kitufe, inua flashi uipige, fungua na kufunga mlango wa kadi. Muuzaji mwenye haraka mwambie utarudi kesho.

Kuitunza kwenye baridi yetu

Tukuyu mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, na Uyole nako masika nguo hazikauki. Usiifungie kamera kwenye begi la ngozi. Tafuta dumu la plastiki lenye mfuniko unaobana, weka ndani pakiti za silika jeli, zile za kwenye maboksi ya viatu. Ukipata zenye punje za rangi ya chungwa, zikigeuka kijani zimejaa maji. Zikaushe kwenye sufuria kavu kwa moto mdogo hadi rangi irudi. Watu wanatumia mchele. Mchele wa Kyela upikeni jamani, una vumbi na chenga zinazoingia kwenye zumu. Mara moja kwa wiki itoe lenzi, ipige mwanga, itumie.

Na Juni na Julai, ukitoka kwenye baridi ya nje kuingia ukumbini kwenye watu mia tatu na mvuke wa pilau, kioo kinafanya umande papo hapo, hadi ndani. Iache kamera kwenye begi lililofungwa zipu mpaka ipate joto la ukumbi. Mimi nafika saa nzima kabla ya maharusi, begi naliweka chini ya meza ya MC, naanza kwa kupanga viti.