Surrender: anza kwa kumtafuta mpokeaji

Mimi ni karani wa mahakama, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni ukalimani kizimbani. Vijana wanaokuja kujifunza kazi hufika na jibu moja la kitenzi cha Kiingereza surrender: kukata tamaa. Nawaomba waliache mlangoni. Hakuna hakimu anayemwamuru mshtakiwa akate tamaa na pasipoti yake.

Ukikutana na neno surrender, uliza kwanza: anayeachia, anamwachia nani? Lazima pawe na wa kupokea. Waingereza walilitoa Kifaransa cha kale, surrendre. Sur ni juu, rendre ni kurudisha, na rendre imetokana na Kilatini reddere, kurudisha vilevile. Katika karne ya 15 lilihusu hasa mali na ardhi: mwenye haki ya kukaa shambani anairudisha kwa mwenye shamba. Mtu kujitia mwenyewe mikononi mwa adui kulifuata baadaye, karne ya 16. Kwa hiyo wanasheria hawakuliazima jeshini, ingawa sinema za vita zimetuzoesha kudhani hivyo.

Ukishampata mpokeaji, tazama kinachotolewa. Kikiwa kitu, tumia kusalimisha au kukabidhi: mshtakiwa asalimishe pasipoti mahakamani. Mpangaji na mkataba wake wa pango ni kurudisha. Ukisema kukabidhi, msikilizaji atadhani funguo tu ndizo zimetoka. Bima ya maisha nayo huenda hivyohivyo: mteja anairudisha hati ya bima kwa kampuni kabla ya muda wake, analipwa thamani iliyobaki, ambayo miaka ya mwanzo huwa chini ya alizochanga. Mweleze hilo kwa Kiswahili cha wazi, maana hapo ndipo watu huumia.

Mtu akijitoa mwenyewe, amejisalimisha: mtuhumiwa amejisalimisha kituoni. Jeshi husalimu amri. Jenerali wa Kijerumani Paul von Lettow-Vorbeck alisalimu amri kwa Waingereza tarehe 25 Novemba 1918 pale Abercorn, siku hizi Mbala, Zambia, wiki mbili baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kusimamishwa Ulaya. Salimu hiyo tumeipata kwa Waarabu, ambao kwao sallama ni kutoa salamu na pia kukabidhi. Mpokeaji yumo tayari ndani ya Kiswahili chetu, kwa hiyo sioni sababu ya kusema "kusarenda" mbele ya hakimu.

Usipompata mpokeaji, huenda Mwingereza mwenyewe asingelitumia. Sigara huachwa, na kwa Kiingereza hapo ni give up au quit. Kazini mtu hujiuzulu. Akisema surrender, watauliza alirudisha gari la ofisi au nini.

Unaobaki ni mtego mmoja, mpokeaji asiye mtu. Shahidi Mwingereza akisema mlinzi alisurrender kwa usingizi, usimwambie hakimu mlinzi alijisalimisha. Sema usingizi ulimshinda.