Kicheni pati ya wanawake na wanaume: gawa muda

Mkiamua kuwaalika na wanaume kwenye kicheni pati, sherehe ya kumfunda bibi harusi kabla ya ndoa, msiwaingize ukumbini tangu mwanzo. Somo, yaani kungwi wake, hawezi kumfunda mwali mbele ya mashemeji na wajomba. Ataishia kusema juujuu, na hapo shughuli imekosa moyo wake. Mafunzo yawe saa 8 hadi saa 10 jioni, wanawake peke yao. Wanaume waingie saa 10 na nusu, ile nusu saa ni ya mwali kubadili nguo na kupumua. Chapisheni kadi za aina mbili, kila moja na saa yake. Kadi moja ikiandikwa saa mbili tofauti, kila mtu atashika ile ya kwanza.

Zawadi zigaweni mapema kwenye grupu la WhatsApp, la sivyo bibi harusi atapata seti nne za glasi na asiwe na jiko. Wanaume wachangiane mtungi wa gesi na jiko la plate mbili, na wanunue regyuleta dukani wakiwa na mtungi wenyewe mkononi, kwa sababu vichwa vya mitungi havifanani na isiyokaa sawasawa huvujisha.

Chakula kwa watu 60: mchele wa pilau kilo 7, nyama kilo 9, soda kreti 5 za chupa 24. Kwa joto la Dar, soda ziwekwe kwenye barafu masaa mawili kabla ya kugawiwa. Sahani za wanaume zitengwe mapema, wakichelewa wasikute masufuria matupu.